Kumbi za Eastlands zilivyogeuka bunge la wanyonge na ngome ya ndondi

NYUMA ya Uwanja wa City jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, kuna jengo la mawe ambalo wakazi wakongwe wa mtaa wa Kaloleni walizoea kuliita Bunge. Halikuwahi kuwa na spika wala siwa. Ni ukumbi wa kijamii kama ilivyo mingine katika mitaa ya Eastlands, mahali ambapo watu hufanyia harusi, mikutano ya mazishi, mazoezi ya ndondi na, kila baada ya miaka mitano, kupigia kura. Hata hivyo, ndani ya kuta hizo ndimo lilimotamkwa hadharani, mnamo Aprili 23, 1950, dai la kutaka nchi za Afrika Mashariki ziwe huru kabisa, miaka 13 kabla ya Kenya kupandisha bendera yake.

Mkenya wa leo anapotajiwa ukumbi wa ndani wa michezo, fikira zake huenda Kasarani, kwenye jengo lenye viti vipatavyo 5,000 lililo katika Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi. Kituo hicho kilijengwa kwa msaada wa Uchina na kikatumika katika Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kasarani ina hadhi yake na itarejelewa hapa chini. Lakini asili ya kumbi za umma za Nairobi haiko Kasarani. Iko Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo na mitaa jirani, na ili kuielewa sharti mtu aanze na ukubwa wa vyumba ambamo wafanyakazi Waafrika walilazwa.

Serikali ya kikoloni haikumwona Mwafrika kuwa mkazi wa Nairobi. Ilimwona kuwa kibarua aliyekuja kwa muda, ambaye mke na watoto wake walikuwa mashambani na ambaye yeye mwenyewe angerudi huko nguvu zikimwishia. Kwa hivyo nyumba nyingi zilizojengwa na manispaa mashariki mwa mji zilihesabiwa kwa vitanda, si kwa familia. Wanaume watatu au wanne waligawana chumba kimoja, jiko lilikuwa nje na choo kilikuwa cha wote. Katika makao ya namna hiyo hapakuwa na sebule. Mtu akitaka kukaribisha wageni, kucheza dansi, kusikiliza hotuba au kukaa tu penye taa apate kusoma gazeti, alihitaji mahali pengine. Ukumbi ndio uliokuwa sebule ya mtaa mzima.

Pumwani, uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili uwe makao rasmi ya Waafrika, ulitangulia. Katika muongo huo huo ulijengwa Ukumbi wa Kumbukumbu, kwa heshima ya Waafrika waliofariki katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kumbukumbu nyingine ya vita hivyo haikuhitaji jengo. Mtaa jirani wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, wale waliobeba risasi na vyakula vya majeshi ya Waingereza hadi Tanganyika na wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo.

Fedha za kuendeshea huduma za Waafrika mjini zilikuwa na chanzo ambacho wengi watakishangaa. Manispaa ilijipa haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji katika vilabu vyake vya Pumwani. Mpango huo ulikuwa umeigwa kutoka mji wa Durban, Afrika Kusini. Wanawake waliopika pombe majumbani walikamatwa na kutozwa faini, na faida ya pombe ya manispaa ikawekwa katika mfuko wa huduma za wenyeji. Kwa maneno mengine, mfanyakazi alijilipia ustawi wake mwenyewe kwa kila kibuyu alichokunywa, huku mlipa kodi wa mitaa ya Wazungu akiguswa kidogo sana. Walioubuni mpango huo waliuona kuwa wa busara. Wanywaji hawakuulizwa.

Mtaa wa bustani

Kaloleni ulikuja baadaye na kwa fikra tofauti kidogo. Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikielekea ukingoni, watawala walikuwa wameanza kukubali kwamba baadhi ya Waafrika wangeishi mjini na jamaa zao. Migomo ya bandari ya Mombasa na ya reli ilikuwa imewatisha. Mtaa huo uliojengwa katika miaka ya 1940, huku wafungwa wa vita Waitaliano wakitumiwa katika ujenzi wake, ulichorwa kwa mfano wa vitongoji vya Uingereza vyenye bustani. Nyumba za mawe zenye paa za vigae vyekundu zilipangwa kwa mizunguko, nyasi zikaachwa katikati, na huduma zikawekwa pamoja: ukumbi, maktaba, shule na zahanati. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 uliifanya fikra hiyo kuwa sera, kwamba kila mtaa uwe na kitovu chake ili mkazi asiwe na haja ya kwenda mbali.

Msimamizi wa mambo ya Waafrika katika manispaa wakati huo alikuwa Tom Askwith, mtu ambaye mwenyewe alikuwa mwanamichezo wa kiwango cha juu. Aliiwakilisha Uingereza katika mashindano ya makasia kwenye Olimpiki za 1932 na 1936. Aliamini kwamba michezo, elimu ya watu wazima na vilabu vya starehe vingemtuliza mkazi wa mjini na kumfunza uraia. Maafisa wa ustawi, wengi wao wanajeshi waliorejea kutoka vitani, walitumwa mitaani kupanga dansi, mijadala, masomo ya kushona na mechi za ndondi. Sera hiyo ilikuwa na nia njema na ilikuwa pia na hofu ndani yake, maana kijana aliye na kazi ya kufanya jioni, walidhani, hangekuwa na nafasi ya kusikiliza wachochezi.

Hesabu hiyo haikutimia. Ukumbi unaoweza kubeba dansi unaweza kubeba mkutano wa wafanyakazi vile vile. Viti ni vile vile, jukwaa ni lile lile, na aliyezoea kuja Jumamosi jioni kwa muziki hahitaji kuelekezwa njia Jumapili asubuhi.

Mnamo Mei 1, 1949, vyama kadhaa vya wafanyakazi viliungana na kuunda Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki, rais wake akiwa Fred Kubai na katibu mkuu Makhan Singh. Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927, na tangu katikati ya miaka ya 1930 alikuwa akipanga wafanyakazi bila kujali rangi, jambo lililowakera watawala kuliko usoshalisti wake. Machi 30, 1950, Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji na Duke wa Gloucester akaja kwa sherehe, viongozi hao waliwataka wafanyakazi wazisusie. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka katika mitaa ya mashariki: jiji lililokuwa likishangiliwa lilikuwa la wengine.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, chama cha Kenya African Union na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki viliitisha mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Ajenda ilikuwa kupinga mpango wa walowezi wa kuimarisha utawala wao nchini. Ni hapo Makhan Singh alipowasilisha azimio kwamba jibu la pekee kwa mpango huo ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hadi siku hiyo, wanasiasa wengi wa Kiafrika walikuwa wakiomba viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria, ardhi zaidi na mishahara bora. Kudai uhuru wenyewe, waziwazi, mbele ya umati na makachero, lilikuwa jambo jingine.

Mei 15, 1950, Kubai na Singh walikamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki moja, na miongoni mwa madai yao yakawa kuachiliwa kwa viongozi hao. Mitaa ya Pumwani na Shauri Moyo ilijaa polisi na moshi wa kutoa machozi. Singh alipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa nchi, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Kubai alirejea uraiani kwa muda, kisha akajikuta Kapenguria mwaka 1952 pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Singh baadaye aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, iliyochapishwa mwaka 1969, nayo ni mojawapo ya sababu za siku ile ya Kaloleni kutosahaulika kabisa. Alifariki mwaka 1973, na ni wachache wanaopita mtaani humo leo ambao wangelitambua jina lake.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, siasa za kumbini zilikoma. Majina ya mitaa ya Eastlands yanasimulia kipindi hicho kwa ufupi wa kutisha. Mbotela umeitwa kwa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyepinga matumizi ya nguvu na akauawa Novemba 1952. Ofafa unamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani na mwekahazina wa Luo Union, ambaye pia aliuawa wakati wa vita hivyo. Chama chake kilichanga fedha na kumjengea ukumbi wa kumbukumbu mjini Kisumu, kana kwamba ukumbi ndio uliokuwa sanamu inayofaa kwa mtu wa mjini. Aprili 24, 1954, majeshi yalizingira mitaa ya Waafrika katika Operesheni Anvil, wakazi wakatolewa majumbani, wakachujwa kwa kabila, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini.

Ulingo wa futi 20

Siasa zilipokatazwa, ndondi zilibaki. Wapo wanaodhani mchezo huo ulistawi Eastlands kwa kuwa vijana wa huko ni wakali. Sababu halisi ni ya vipimo. Uwanja wa mpira wa vikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na dari yake sharti iwe juu. Ukumbi wa mtaa uliojengwa kwa ajili ya dansi na mihadhara hauna nafasi hiyo. Ulingo wa ndondi, kwa upande mwingine, hauzidi mita 6.1 kila upande ndani ya kamba, yaani futi 20. Hutengenezwa kwa mbao, turubai na kamba, ukafungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumapili, na viti vikabaki vya kutosha kuuzia tikiti. Hata pasipo ulingo, sakafu tupu, gunia la mchanga lililoning'inizwa kwenye boriti na kamba ya kuruka vyatosha kumwanzisha mtoto. Hahitaji viatu vya bei wala ada ya klabu.

Tenisi ya meza, mishale na unyanyuaji wa vyuma vilistawi kwa sababu iyo hiyo. Soka, mchezo uliopendwa kuliko yote, ilibaki nje, kwenye Uwanja wa City ulioitwa zamani uwanja wa Waafrika, na kwenye viwanja vya vumbi kama Camp Toyoyo kule Jericho.

Kutokana na mfumo huo wa kumbi za mitaa, za Nairobi na za miji kama Nakuru, Kenya ikawa taifa la mabondia. Philip Waruinge wa Nakuru alitwaa shaba mjini Mexico City mwaka 1968, na pamoja nayo kombe la bondia mwenye ustadi zaidi katika Olimpiki hiyo, kisha fedha mjini Munich mwaka 1972. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978. Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya Seoul mwaka 1988. Hadi sasa dhahabu hiyo ndiyo ya pekee ambayo Kenya imepata katika Olimpiki nje ya riadha. Wangila alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano la kulipwa, akiwa na umri wa miaka 26.

Baada ya Wangila mchezo ulififia. Waajiri wakubwa waliokuwa wakidhamini timu, kama vile shirika la reli, walipunguza gharama. Wasimamizi wakagombania vyeo. Mabondia wakabakia na kumbi zao. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo maafisa wa ustawi wa miaka ya 1940 hawakulitazamia. Wasichana waliingia ulingoni. Katika ukumbi wa kijamii wa Kariobangi lilianzishwa kundi la Boxgirls, kuwafunza wasichana wa mitaa hiyo kujilinda, na umuhimu wa kazi hiyo ukadhihirika katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Elizabeth Andiego aliiwakilisha Kenya London mwaka 2012, bondia wa kwanza wa kike wa nchi hii kushiriki Olimpiki, na mwaka 2018 Christine Ongare alirejea na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola nchini Australia.

Kasarani na Kamukunji

Ukumbi wa Kasarani ni kiumbe cha aina nyingine. Ulijengwa na taifa kwa ajili ya mashindano ya kimataifa, si na baraza la jiji kwa ajili ya wapangaji wake. Voliboli na mpira wa vikapu huchezwa humo kwa vipimo kamili. Mkazi wa Dandora hawezi kuingia humo jioni kupiga gunia la mchanga. Lakini Kasarani nayo haikuepuka siasa. Machi 18, 2002, wajumbe wa Kanu walikusanyika huko kuidhinisha muungano wa chama chao na NDP cha Raila Odinga, George Saitoti akaenguliwa katika safu ya uongozi mbele ya umati, na nyufa zilizoonekana siku hiyo ziliifikisha Kanu kwenye kushindwa kwake Desemba mwaka huo huo.

Jambo jingine halina sherehe yoyote. Aprili 2014, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali kutoka Eastleigh, walikusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili wakaguliwe vitambulisho. Ilikuwa miaka 60, karibu siku kwa siku, tangu Anvil. Mahali palipojengwa ili kukusanya watu kwa furaha ndipo panapokuwa rahisi zaidi kuwakusanya kwa nguvu.

Inafaa pia kukumbuka tofauti kati ya ukumbi na uwanja wa wazi. Kamukunji, mwendo mfupi kutoka Shauri Moyo, ndipo Kenneth Matiba na Charles Rubia walipotaka kuhutubia mnamo Julai 7, 1990, siku ya Saba Saba. Walizuiliwa siku tatu kabla, na watu waliofika walikutana na virungu. Sheria ya wakati huo ilidai leseni kwa kila mkutano wa hadhara, na ni mageuzi ya mwaka 1997 tu yaliyoibadilisha leseni kuwa arifa kwa polisi. Kiwanja hufungwa kwa askari. Ukumbi hufungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo ni ofisi ya jiji. Anayetaka kuutumia hulipia, huandika barua, na husubiri jibu. Chini ya chama kimoja, kukataliwa hakukuhitaji maelezo.

Ufunguo huo umepitia mikono mingi. Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983 na tume iliyoteuliwa na serikali ikatawala hadi 1992. Mwaka 2013 mali yote ikahamia kwa Kaunti ya Nairobi. Katika kila uhamisho, bajeti ya ukarabati ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusahauliwa. Wakati huo huo jiji lilipanuka kuelekea mashariki bila kufuata mfano wa Kaloleni. Mradi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 1970, ulikuwa na ploti 6,000, lakini sehemu nyingine nyingi za Eastlands zilijengwa na watu binafsi, ghorofa juu ya ghorofa, pasipo nafasi ya umma kabisa. Huko, makanisa na baa ndizo kumbi. Hutoza kwa njia zao.

Kwa hiyo mjadala wa sasa kuhusu mitaa ya zamani ni mzito kuliko unavyoelezwa. Serikali na kaunti zinataka kubomoa nyumba za kupanga za enzi ya ukoloni na kujenga maghorofa, na ni vigumu kubisha kwamba ekari hizo karibu na katikati ya jiji zingeweza kuwapa makao watu wengi zaidi. Mtaa wa zamani wa Pangani tayari umebomolewa na majengo marefu yamesimama mahali pake. Wapangaji wa Kaloleni na majirani zao huuliza nani atapewa nyumba mpya na kwa bei gani. Swali la ukumbi huja mwisho, ikiwa litaulizwa. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa mnara wa kitaifa, na ukumbi ambamo dai la uhuru wa Afrika Mashariki liliwasilishwa una haki ya kulindwa kuliko majengo kadhaa ya walowezi ambayo yanatunzwa vizuri.

Kwamba majengo haya yanaweza kuokolewa, ushahidi uko papo hapo Kaloleni. Maktaba ya mtaa huo ni tawi la Maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931 na ambayo Waafrika hawakuruhusiwa kuiingia hadi 1958. Kwa miaka mingi rafu zake zilipukutika. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakaingia katika makubaliano na kaunti, na maktaba za Kaloleni na Makadara zikakarabatiwa, wakazi wakishauriwa kuhusu walichotaka kiwemo ndani. Watoto wa mtaa sasa wana mahali pa kusomea panapofanana na pale walipopangiwa babu zao katika ramani za miaka ya 1940.